Simba Aliyewekwa Katika Saraka ya Fisi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, yameandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu kazini.)



Halmashauri iliponitaka nizungumze habari za simba na chui wa zamani za kale, ambao leo hatuna kwao ila mifupa iliyogeuka mawe, nilisita. Mimi ni karani, si mwanachuoni wa mifupa. Lakini nilipoanza kusoma niliona ya kuwa sehemu iliyo bora ya habari hii ni habari ya saraka, ya kibandiko, na ya kitu kilichokaa miaka mingi katika faili isiyo yake. Hapo nikajua ya kuwa nimo nyumbani, nikakubali.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, na katika mwaka 1980, watafiti walichimba mahali paitwapo Meswa Bridge, karibu na Muhoroni, magharibi ya Kenya. Mahali pale panasifika zaidi kwa mabaki ya masokwe wa kale. Lakini pamoja na hayo yalitoka vipande vikubwa vya taya, vipande vya fuvu, na mifupa mingine ya mnyama mla nyama. Vyote vilichukuliwa mpaka makumbusho ya Nairobi, vikaandikwa nambari na mahali vilikotoka, vikawekwa. Basi vikakaa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule vilipowekwa alikwenda shule, akamaliza, akaajiriwa, akaoa, navyo vingali pale pale gizani.

Mwaka 2013 alifika Nairobi kijana mmoja wa Marekani, Matthew Borths, akitafuta mabaki ya wanyama wala nyama wa kale kwa ajili ya masomo yake. Alifungua saraka zilizohusu fisi, na ndani akaona safu ya meno makubwa ajabu, ambayo hayakuwa ya fisi hata kidogo. Akashirikiana na Nancy Stevens wa Chuo Kikuu cha Ohio, wakapima na kulinganisha, na mwaka 2019 wakatangaza ya kuwa mnyama huyu hakupata kuandikwa na mtu yeyote kabla yao. Wakampa jina la Kiswahili: Simbakubwa kutokaafrika. Umri wa mifupa ni miaka kama milioni 22 au 23.

Sasa najua ya kuwa wako humu wenzetu wa pwani ambao masikio yao yamekwisha kuwasha. Watauliza: Kwa nini isiwe “simba mkubwa”? Nami nilijiuliza hivyo hivyo. Tena hilo “kutokaafrika” limegandamana kama barua zilizolowa mvua. Jawabu la gandamano ni rahisi: kanuni za wataalamu zataka jina la mnyama liwe maneno mawili tu, la ukoo na la aina, basi yaliyozidi hushonwa pamoja. Ama juu ya “kubwa”, mtu aweza kujitetea ya kuwa sisi wenyewe tukitaka kukuza kitu husema “jitu kubwa” au “joka kubwa”, na simba wa namna hii alistahili kukuzwa. Sijui kama utetezi huu ungepita mbele ya mwalimu wangu wa sarufi. Hata hivyo jina likiisha kutangazwa halirekebishwi kwa sababu ya sarufi. Litabaki hivyo siku zote.

Lakini kosa la sarufi ni dogo mbele ya jambo jingine. Simbakubwa si simba. Wala si wa jamii ya paka. Ukoo wake wataalamu huuita hayenodonti, jina la Kiyunani lenye maana ya “meno ya fisi”. Naye si fisi vile vile. Tazameni basi: mnyama mwenye jina la simba, wa ukoo wenye jina la fisi, aliyelazwa katika saraka ya fisi, naye si huyu wala si yule.

Dalili imo kinywani. Mfungueni paka wenu wa nyumbani kinywa, kama mwaweza bila kuparuzwa. Mbele mtaona chonge nne. Nyuma yake, kila upande, liko jino moja la juu na moja la chini yapitanayo kama makali ya mkasi. Hayo ndiyo ya kukatia nyama. Paka ana jozi moja tu kila upande, na simba hivyo hivyo. Simbakubwa alikuwa na jozi tatu kila upande, moja nyuma ya mwenzake. Meno ya yule wa Meswa Bridge hayakulika sana, kwa hiyo yafahamika ya kuwa alikufa angali kijana.

Kuhusu uzito wake, tuwe na hadhari. Magazeti mengi yaliandika ya kuwa alikuwa na kilo 1,500, yaani kupita dubu mweupe wa barafuni. Hesabu hiyo imo kweli katika maandishi ya wataalamu, lakini ni ya juu kabisa. Kwa njia nyingine ya kupima meno yale yale hupatikana kilo 280 tu, ambazo si mbali sana na simba dume aliyenona. Gazeti lilichagua namba ipendezayo. Mimi nasema alikuwa mnyama wa kutisha sana, na kwa uzito wake nangoja mifupa zaidi.

Zamani hizo bara la Afrika pamoja na Arabuni lilikuwa limetengwa na nchi za kaskazini kwa bahari. Simba, chui, fisi na mbwa mwitu hawakuwako huku. Wazee wao walikuwa ng’ambo. Mabwana wa mawindo katika Afrika walikuwa hao jamaa wa Simbakubwa. Kisha nchi zikagusana, wanyama wakavuka huku na huku, misitu ikapungua na mbuga zikapanuka. Ukoo wa hayenodonti uliendelea kwa mamilioni ya miaka, hata ukaisha, wala haukuacha mtoto wala mjukuu aliye hai leo.

Nafasi yao ikashikwa na wageni, na miongoni mwao ni paka wa kweli. Hapa niseme neno litakalowashangaza baadhi yenu: fisi, ijapokuwa ana umbo kama la mbwa, nasaba yake i karibu zaidi na paka. Yeye, nguchiro, fungo na kanu wote huhesabiwa upande mmoja na simba.

Katika paka hao wa kwanza walikuwamo wale wenye chonge ndefu kama majambia. Mmoja alitoka Lothagam, magharibi ya Ziwa Turkana, katika ardhi ya miaka kama milioni 7. Mwaka 2003 Lars Werdelin, mtaalamu wa Sweden, alimpa jina la Lokotunjailurus. Sehemu ya kwanza ni neno la Kiturkana lenye maana ya paka. Ya mwisho ni Kiyunani, nayo maana yake ni paka vile vile. Basi ni “paka-paka”. Lakini nafurahi ya kuwa wenyeji walitangulia. Kimo chake kilikuwa kama cha simba jike, na ukucha wa kidole gumba cha mkono wake ulikuwa mkubwa mno, kupita wa simba wa leo.

Wenzake wa baadaye, Homotherium, Megantereon na Dinofelis, waliishi katika Afrika ya Mashariki wakati mmoja na watangulizi wa wanadamu. Huku kwetu walitoweka mapema. Katika mabara mengine baadhi yao walidumu. Katika mashimo ya lami ya La Brea, ndani ya mji wa Los Angeles, imetolewa mifupa ya Smilodon zaidi ya 2,000, ambao walinaswa walipofuata wanyama wengine walionaswa kabla yao. Na mwaka 2020, kando ya mto Badyarikha katika Yakutia, nchi ya Urusi, ilionekana maiti ya mtoto wa Homotherium iliyohifadhiwa na barafu, pamoja na manyoya yake na sharubu zake. Habari zake zilitangazwa mwaka 2024: umri wake alipokufa ulikuwa kama majuma matatu, na tangu siku hiyo imepita zaidi ya miaka 35,000. Kabla ya hapo hakuna mtu wa zama zetu aliyepata kuona ngozi ya paka wa jambia. Manyoya yalikuwa ya rangi ya kahawia iliyoiva.

Je, wanyama hawa walitula? Nimeulizwa hayo hata kabla ya kusimama hapa. Wa jambia siwezi kuwashitaki bila ushahidi. Lakini chui anao ushahidi juu yake. Katika pango la Swartkrans, Afrika ya Kusini, lilipatikana fuvu la mtoto wa jamii moja ya kale iliyo karibu na wanadamu, lenye matundu mawili nyuma. Mwaka 1970 mtaalamu C. K. Brain alionyesha ya kuwa chonge mbili za taya la chini la chui zaingia katika matundu hayo kama ufunguo katika kufuli.

Na simba mwenyewe, simba wa kweli? Huyo naye ana fuvu lake. Lilitoka Natodomeri, kaskazini kabisa ya Kenya, umri wake miaka kama 200,000, na habari zake zilitolewa mwaka 2018 na Fredrick Kyalo Manthi wa makumbusho ya Kenya pamoja na wenzake. Ni simba wa aina ile ile ya leo, ila fuvu lake lapita kwa ukubwa mafuvu ya simba wa Afrika wanaojulikana. Wakati ule watu kama sisi walikuwa wamekwisha kuwako, ng’ambo kidogo tu, upande wa Ethiopia. Kama palistahili mtu kuita “simba kubwa” kwa sauti ya kutetemeka, ni pale.

Nirudi kwenye saraka. Nilipoisimulia habari hii ofisini, mwenzangu mmoja alicheka akasema, “Tazama kazi za makarani, taya la mnyama mgeni limewekwa kwa fisi!” Sikukubali. Aliyelipokea taya lile aliliandikia mahali lilikotoka. Kama asingeandika, meno yale yangekuwa mawe mazuri tu. Kwa maana umri wa mfupa mkongwe namna ile hausomwi katika mfupa huo, husomwa katika miamba na majivu ya volkeno ya mahali ulipolala. Jina laweza kusahihishwa baada ya miaka zaidi ya 30, kama lilivyosahihishwa. Mahali pakiisha kupotea, pamepotea.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanachama walio wilayani, hasa walio pamoja na wachimba barabara na visima. Mkiona mfupa mzito kama jiwe umechomoza ukingoni, msiuchomoe, wala msimruhusu mtu auuze. Andikeni mahali, kina, na tarehe, mpeleke habari makumbusho. Bwana Mwenyekiti, saa niliyopewa imekwisha. Nitaketi, na mwenye swali la “simba mkubwa” aanze yeye.