Makombo Chini ya Meza



Wapendwa wasikilizaji, na hasa ninyi makatekista ambao leo mtaongoza ibada katika vigango ambako padre hatafika: Injili ya Jumapili hii ya 20 ya Mwaka A, iliyo katika Mathayo sura ya 15, imekuwa mfupa mgumu kwa wahubiri tangu zamani. Mama Mkanani, mtu wa mataifa, anamlilia Bwana wetu kwa ajili ya binti yake anayeteswa na pepo. Kwanza hajibiwi neno. Kisha anajibiwa kwa mfano wa mkate wa watoto na mbwa. Naye, badala ya kuondoka amekunja uso, anaudaka mfano uleule na kuugeuza kuwa hoja yake mwenyewe, mpaka Bwana anaisifu imani yake na binti anapona.

Kwa masikio yetu neno "mbwa" ni tusi. Mwite mtu hivyo katika soko la Babati, nawe utasimamishwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa kabla jua halijatua. Ndiyo maana wengi huusoma mstari ule upesi upesi, kama mtu anayepita penye matope. Lakini yafaa tutulie hapo kidogo. Katika Kigiriki, lugha ambamo Injili iliandikwa, neno lililotumika si lile la kawaida la mbwa. Ni neno la udogo, "kunaria", yaani vijibwa. Wafafanuzi wengi huona hapo mbwa wadogo wa nyumbani, wala si mbwa koko wa majalalani. Naye Marko, katika sura yake ya 7, anasema wazi kwamba vijibwa hivyo viko chini ya meza. Mbwa wa jalalani hana meza ya kukaa chini yake. Kijibwa cha nyumbani kina wenyewe, nacho kinajua makombo yatatoka wapi. Mama yule alikuwa na akili nyepesi: alilisikia neno, akaona kwamba ndani yake mna mlango, akaingia.

Leo ningependa kuzungumza juu ya kijibwa chenyewe. Najua wapo watakaosema padre amekosa la kuhubiri. Wanivumilie.

Mji wetu wa Babati umekua kwa haraka tangu ulipokuwa makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Watu wamekuja kutoka Mbulu, Hanang, Kondoa, Singida na mbali zaidi. Na penye watu wengi pana mabaki, penye mabaki pana mbwa. Kila nyumba hutaka mlinzi wa usiku. Jike akizaa watoto sita, majirani huchukua madume mawili yenye sauti nzuri. Waliobaki hutiwa katika kiroba na kutupwa mtaroni, au hupelekwa mbali gizani ili wasijue njia ya kurudi. Wanaofanya hivyo si watu wabaya. Ni baba na mama wa familia, wengine wana rozari mfukoni. Wamezoea tu.

Mama mmoja mjane wa jumuiya ndogondogo hapa mjini aliletewa kiroba cha namna hiyo na mjukuu wake aliyekuwa akitoka shuleni. Ndani mlikuwa na vijibwa vinne, vitatu vimekwisha kufa. Cha nne kilikuwa kidogo kuliko vyote, macho yamejaa usaha, viroboto tele. Majirani walimcheka: wajukuu watano unawalisha kwa shida, sasa unaongeza mdomo wa sita? Alinieleza baadaye kwa maneno machache: "Baba Padre, hakikuniomba nyama. Kiliniomba ukoko wa ugali, na ukoko ninao." Watoto wakakiita Popi.

Ningekomea hapo, tungefurahi wote, nanyi mngesema ni hadithi nzuri ya huruma. Lakini mama yule alifanya jambo la pili, na hilo ndilo lililonifanya nilete habari hii redioni. Alimbeba Popi katika kikapu hadi kwa afisa mifugo, akachanjwa, akapewa dawa ya minyoo, na ile kadi ya chanjo akaiweka mahali anapotunza vyeti vya ubatizo vya wajukuu. Mchana Popi alifungwa kamba kivulini, penye maji. Miezi kadhaa ikapita. Ndipo siku moja mbwa asiye na mwenyewe akapita mtaani akitoka udenda na kuyumba, akamwuma mbwa wa jirani, akamwuma Popi, akamwuma mtoto wa nyumba ya tatu mguuni.

Yule mjane ndiye aliyemkamata mtoto na kumwosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, huku mtoto akilia na watu wakimwambia apake majani. Hakupaka kitu. Akampeleka hospitali, mtoto akaanza sindano siku ileile, na akazimaliza zote. Yuko hai. Mbwa wa jirani hakuwa amechanjwa kamwe, ikabidi auawe. Popi, kwa sababu ya ile kadi, alichanjwa tena, akafungwa na kutazamwa kwa wiki kadhaa, akabaki mzima.

Makatekista wapendwa, yasikilizeni haya kwa makini, kwa maana vijijini ninyi ndio mnaoulizwa kwanza. Kichaa cha mbwa hakitokani na laana wala na mkono wa jirani. Ni ugonjwa unaoletwa na kirusi kilicho katika mate ya mnyama mgonjwa, nacho huingia kwa kuumwa, au kwa mate kugusa kidonda. Dalili zikishaonekana kwa mwanadamu, hakuna dawa ya kutegemea. Karibu wote hufa. Lakini kabla ya dalili, kuosha jeraha mara moja na kupata chanjo kamili huokoa maisha. Tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister kule Ufaransa mwezi Julai 1885, tunajua kwamba kifo hicho chaweza kuzuiwa. Hata hivyo duniani hukadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, na kwa nchi yetu makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalitaja watu wapatao 1,500 kwa mwaka. Wengi ni watoto. Karibu wote waliambukizwa na mbwa.

Na mbwa yeye ameambukizwa na nani? Na mbwa mwenzake ambaye hakuna aliyemchanja. Wataalamu waliofanya kazi miaka mingi katika vijiji vinavyozunguka Serengeti wameonyesha kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Wengi wetu siku ya kampeni huwaacha watoto wa mbwa nyumbani tukidhani bado ni wadogo mno. Sivyo. Hata walio chini ya miezi mitatu hupokea chanjo vizuri. Wapelekeni.

Katika nchi nyingine, na hata kwetu, vipo vituo vinavyookota mbwa waliotupwa na kuwatafutia nyumba. Huko Nairobi, katika eneo la Karen, kipo chama cha miaka mingi kijulikanacho kwa herufi KSPCA. Karibu na Arusha kipo kituo kiitwacho Mbwa wa Africa. Vituo vya namna hii havimpi mtu mbwa kama mtu anunuavyo kuku mnadani. Huuliza kwanza: nyumbani kuna nani, uwanja una ua, nani atamlisha ukisafiri? Mbwa huchanjwa, tena huhasiwa ili yale ya viroba yasirudiwe. Mwanzoni maswali hayo yaliniudhi kidogo. Ni mbwa tu, nilifikiri, mbona yanafanana na maswali ya uchumba? Baadaye nikaona yana haki. Kupokea ni ahadi, na ahadi huulizwa maswali kabla haijatolewa. Kutoka Babati hadi Arusha ni kama kilomita 170, nauli si ndogo, na sitegemei kwamba wengi wenu mtakwenda huko kutafuta kijibwa. Kwetu kituo ni nyumba ya yule mjane. Ni jiko lake na ukoko wake.

Sasa lile swali ambalo nasikia mkiliuliza: watu wana njaa, padre anatetea mbwa? Swali hili ni la haki, na Kanisa halilikwepi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika vifungu vya 2416 hadi 2418, inasema mambo mawili kwa pamoja. Wanyama ni viumbe vya Mungu na tunadaiwa kuwatendea wema; kuwatesa au kuwaua bila sababu kunapingana na heshima ya mwanadamu mwenyewe. Na papo hapo, si halali kuwamwagia wanyama fedha ambayo kwanza ingepaswa kupunguza mateso ya watu. Baba Mtakatifu Fransisko, mwezi Januari 2022, aliwalaumu hata wale wanaoacha kuzaa watoto wakaweka mbwa na paka mahali pao. Hatari hiyo hapa Babati ni ndogo, nadhani. Kwetu hatari ni ile nyingine, ya kiroba. Na yule mjane hakumnyima mjukuu hata tonge moja. Chanjo ya mbwa mmoja, ukiilinganisha na mtoto mmoja kuzikwa, sijui ni nani atakayesema ni anasa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inakataza ukatili huu, ingawa sijaona mtu akishtakiwa kwa ajili ya kiroba.

Neno moja juu ya majirani zetu Waislamu. Wahenga wa pwani walisema ukicheza na mbwa atakufuata msikitini, na ndugu zetu hawapendi mate ya mbwa yawaguse wanapojiandaa kusali. Basi anayefuga mbwa amfunge, asimwache azurure njia ya msikiti alfajiri, wala asiseme "wao ndio wenye shida". Lakini ndugu hao hao wana mapokeo kutoka kwa Mtume wao juu ya mtu aliyemkuta mbwa akifa kwa kiu, akateremka kisimani, akamtekea maji kwa kiatu chake, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Sheikh mmoja wa hapa mjini alinisimulia habari hiyo tukiwa tunasubiri basi stendi, nami niliipokea kwa shukrani.

Mwenye Biblia nyumbani afungue leo jioni Kitabu cha Tobiti, awasomee watoto. Ni kitabu cha familia maskini iliyohamishwa kwenda Ninawi. Baba ni kipofu, mama anafanya kibarua cha kusuka, kijana Tobia anatumwa safari ndefu kufuata fedha ya akiba, na malaika Rafaeli anaandamana naye bila kujulikana. Na mbwa wao anakwenda pamoja nao. Hatuambiwi jina lake wala rangi yake. Hafanyi muujiza wowote. Anatajwa wanapoondoka, kisha anatajwa tena wanaporudi. Maandiko ya Kigiriki yanasema aliwafuata nyuma. Mtakatifu Yeronimo, katika tafsiri yake ya Kilatini, anasimulia kwamba alitangulia mbio kama mjumbe, akitikisa mkia. Na yule baba kipofu akainuka, akijikwaa, akatoka kwenda kumlaki mwanawe.

Mungu awabariki, ninyi na nyumba zenu.