Ada si Gharama Yote: Tumsaidieje Kijana Kuchagua Chuo cha Uzamili?

Hotuba ya Dawati la Elimu kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili, iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa Mfuko wa Elimu



  Tumeombwa tuzungumzie namna ya kuwasaidia vijana wetu wenye shahada ya kwanza kuchagua chuo cha kusomea shahada ya uzamili. Tutaanza na kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita kijana wa parokia mojawapo alipata nafasi katika chuo cha nje. Barua yake ilisomwa kanisani, akina mama wakapiga vigelegele. Sisi tulilipa ada ya mwaka wa kwanza, na baba yake akauza ng'ombe wawili kwa ajili ya nauli. Hakuna aliyeuliza kijana atalala wapi na atakula nini. Kodi ya chumba katika jiji lile ilimshinda. Akafanya kazi za usiku, akasinzia darasani, akafeli, na mwaka wa pili akarudi nyumbani bila cheti. Baba yake alikuja ofisini kwetu, akatuuliza kwa upole: "Mlipokuwa mnaandika ile hundi, hamkujua kwamba mtu hula?" Hatukuwa na jibu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo tunaomba tulifungue daftari pamoja.

Ada bure nayo ina gharama

Chukueni mfano wa Ujerumani, inayotajwa sana na vijana wetu kwa sababu vyuo vikuu vyake vingi vya umma havitozi ada. Habari hiyo ni ya kweli, lakini si kila mahali. Jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kilianza kuwatoza ada mwaka 2024.

Hata pale pasipo na ada, mwombaji wa viza asiye na ufadhili kwa kawaida hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu za mwaka mzima. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 11,904, ambazo huwekwa katika akaunti maalumu na kutolewa euro 992 kila mwezi. Fedha hizo lazima ziwepo kabla kijana hajapanda ndege. Ni familia ngapi katika parokia zetu zinazo?

Tena euro 992 hazina uzito uleule kila mji. Munich kodi ya chumba hula sehemu kubwa ya fedha hizo, wakati Halle au Magdeburg kuna nafuu. Anayechagua chuo amechagua na mji. Sheria inamruhusu mwanafunzi kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, lakini tuichukulie kazi hiyo kuwa ya kuongezea mboga, si ya kununulia unga.

Uingereza shahada nyingi za uzamili humalizika kwa mwaka mmoja, na hilo hupunguza miezi ya kodi na chakula. Lakini ada ni kubwa, na tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa uzamili hawaruhusiwi kwenda na mwenzi wala watoto. Kwa mama mwenye mtoto mdogo, hiyo nayo iandikwe kwenye daftari.

Nyumbani pia kuna hesabu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, humwezesha mtumishi kusoma bila kuacha kazi. Anayeacha kazi ili asome miaka miwili hulipa mara mbili: hutoa ada, na hupoteza mshahara.

Upo pia ufadhili unaohesabu chakula na malazi. Shirika la DAAD la Ujerumani hutoa posho ya kila mwezi, na lina ufadhili kwa wanaosoma hapa Afrika pia. Chuo Kikuu cha Pan-Afrika, kilichoanzishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2011, kina taasisi yake ya sayansi na teknolojia karibu na Nairobi. Vijana waombe huko kabla hatujafikiria kuuza ng'ombe.

Baada ya cheti, kazi gani?

Swali la pili ni kazi. Tunawashauri vijana wakusanye matangazo kumi ya kazi wanayoitamani, wayasome sharti kwa sharti. Mhasibu atagundua kwamba mara nyingi waajiri huulizia CPA ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na kwamba uzamili hauchukui nafasi yake. Anayetaka kufundisha chuo kikuu atagundua kwamba alama za shahada ya kwanza nazo huangaliwa. Anayekwenda nje aulize mapema kama cheti chake kitatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Ujerumani humpa mhitimu miezi 18 ya kutafuta kazi, lakini aliyesoma kwa Kiingereza bila kujifunza Kijerumani atakuta milango mingi imefungwa.

Tusisahau deni la zamani. Aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake, kwa mujibu wa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016. Akibeba na mkopo wa SACCOS kwa ajili ya uzamili, ajue mshahara utabaki kiasi gani.

Mwaka jana binti mmoja, mhitimu wa kilimo, alituletea barua mbili, moja ya Ujerumani bila ada, nyingine ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, yenye ada. Tulikaa naye tukajaza karatasi moja: ada, chumba, chakula, bima, nauli, mshahara atakaoupoteza, na kazi anazozitaka. Alichagua Morogoro. Hatusemi haikumuuma, kwani alilia. Lakini kodi yake imelipwa, anasoma, na hakuna shamba lililowekwa rehani.

Tunachowaomba

Kwanza, kila kamati ijaze karatasi hiyo pamoja na kijana na wazazi wake kabla barua haijasomwa kanisani.

Pili, wafadhili wetu, mmezoea kuandika kwenye michango yenu "kwa ajili ya ada tu". Tunaelewa sababu, kwa kuwa ada ina stakabadhi ya chuo. Tunaomba mturuhusu tulipie pia chumba na chakula, nasi tutaleta stakabadhi za mwenye nyumba.

Tatu, na hili ni gumu. Kwa fedha ileile tutasaidia wanafunzi wachache zaidi. Parokia fulani itakosa mwaka huu, na lawama zitakuja. Tuko tayari kuzipokea. Wanne wanaomaliza ni bora kuliko sita wanaoanza, wawili kati yao wakarudi mikono mitupu.

Yule kijana wa kwanza sasa anafundisha sekondari jirani na kwao. Ameomba tena nafasi ya uzamili, safari hii Chuo Kikuu Huria, huku akiendelea na kazi. Karatasi yake ameijaza mwenyewe, na iko mezani pa kamati. Tunaomba isomwe kwa makini.