Bustani ya Mlangoni na Raha Zake

Katika nyumba nyingi za zamani, juu ya meko, kilikuwapo kibuyu kidogo cheusi kwa masizi. Mgeni alipokiona alidhani ni chombo kilichosahauliwa. Kumbe ndani yake mlikuwa na mbegu za mnavu, mgagani, mchicha na kunde, nayo mama wa nyumba alikilinda kibuyu kile kama alivyoilinda akiba yake. Moshi wa kuni uliwafukuza wadudu, joto la moto likazikausha mbegu, na mvua ya kwanza ilipogusa ardhi alikishusha, akazipanda hatua chache tu kutoka mlangoni. Alipofariki, waliobaki walisafisha jiko lake, wakakitupa kibuyu pamoja na takataka. Hakuna aliyekusudia ubaya. Walakini siku ile ilipotea mboga iliyoulisha ukoo kwa vizazi vingi, wala hapakuwa na duka ambalo lingeweza kuirudisha.

Maneno ya leo ni juu ya bustani ya nyumbani: raha zake, mimea inayopendeza kuipanda, na jinsi ya kuifanya mbegu isipotee.

Baadhi ya watu husema kwamba hawana bustani kwa sababu hawana shamba. Hilo si sababu. Tuta moja lenye upana wa futi 4 na urefu wa futi 10 latosha kuanzia. Upana usizidi hapo, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila mguu kukanyaga udongo uliokwisha kulainishwa. Na asiye na hata nafasi hiyo anaweza kujifunza kwa wakazi wa Kibera, Nairobi. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi, mwaka 2008, watu wengi wa huko walifundishwa kupanda mboga katika magunia. Gunia hujazwa udongo na samadi, katikati husimamishwa nguzo ya mawe madogo ipitishayo maji, na miche hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni. Tena mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Serikali ya Kenya iliwahimiza watu kufanya bustani za jikoni. Mchagua jembe si mkulima, na mwenye kungoja ekari nzima hatapanda hata mche mmoja.

Mahali pazuri pa bustani ni karibu na mlango wa jiko. Faida ya kwanza ni maji: yaliyooshea mboga au mchele humwagwa kwenye mashina badala ya kumwagwa uani. Faida ya pili ni jicho. Bustani iliyo mbali hutazamwa Jumamosi; bustani ya mlangoni hutazamwa kila mtu atokapo na aingiapo, na vidukari wakianza kujikusanya chini ya jani huonekana wakingali wachache na kusuguliwa kwa kidole. Adui mmoja tu hukaa karibu zaidi kuliko mwenye bustani, naye ni kuku. Ua mdogo wa fito au miiba hujengwa kwanza, ndipo mbegu hupandwa.

Udongo na uchimbuliwe vizuri, uchanganywe na samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Maganda ya viazi, ndizi na mboga yasitupwe, bali yafukiwe pembeni yaoze. Jua likiwa kali, nyasi kavu hutandazwa kati ya mistari, nao unyevu hukaa siku nyingi zaidi.

Katika mimea yote, mchicha ndio rafiki wa mwanafunzi, kwa kuwa haumchokeshi kwa kungoja. Hupenda jua na joto, na baada ya wiki tatu au nne huanza kuliwa. Mbegu zake ni ndogo mno. Kwa hiyo huchanganywa na mchanga mkavu zisidondoke zote mahali pamoja, kisha hufunikwa kwa udongo mwembamba tu. Mwenye kuung'oa mchicha hula mara moja, lakini mwenye kuukata juu ya vifundo vya chini huuacha uchipue matawi, akala tena na tena.

Mnavu huitwa managu kwa Wakikuyu, osuga kwa Wajaluo, rinagu kwa Wakisii na lisutsa kwa Waluhya. Jina likiwa na makabila mengi namna hiyo, yafaa kujua kwamba mboga yenyewe imependwa. Uchungu wake kidogo humfanya mlaji autafute tena. Mnavu hutaka maji na samadi kuliko mchicha, na ukichumwa ncha hutanuka kama mwavuli. Lakini jambo moja lisisahauliwe: iko mimea ya jamii yake iotayo mwituni isiyojulikana vizuri, na matunda yake mabichi huweza kuwa na sumu. Na upandwe ule ambao wazee wanaujua, yaliwe majani, na watoto waonywe wasiyaguse matunda ya kijani.

Mgagani, ambao wengine huuita saga, dek, chinsaga au tsisaka, ni mboga ya wenye subira. Wapishi wa Magharibi na wa Bonde la Ufa huuchemsha, wakautia maziwa, wakauacha hata kesho yake uchungu upungue. Haupendi kuhamishwa, kwa kuwa mzizi wake mkuu hushuka chini moja kwa moja. Mbegu hupandwa pale pale utakapokulia. Maua yake yakichumwa mapema, majani huendelea kutoka. Watu wengi huulaumu wakisema kwamba mbegu zake hazioti. Mara nyingi kosa ni haraka yao. Mbegu zilizovunwa juzi zingali zimelala, na huota chache tu; zikipumzika kwa miezi kadhaa mahali pakavu huamka vizuri zaidi. Mrenda nao una tabia ya namna hiyo, kwa sababu ganda la mbegu yake ni gumu. Mbegu hutiwa katika kitambaa, hutumbukizwa katika maji ya moto sana kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, kisha hupozwa na kupandwa.

Kunde ni mgeni alipaye chakula chake. Katika mizizi yake mna vinundu vidogo, na ndani ya vinundu hivyo wamo vijidudu wachukuao nitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Kwa hiyo kunde haihitaji mbolea nyingi, na mabaki yake yakifukiwa huunufaisha udongo. Majani machanga huliwa kwanza, punje huliwa baadaye.

Wala si lazima kila mmea uishie chunguni. Katika nyumba za Lamu na Mombasa, asumini na mrehani vina heshima yao uani. Jua likishuka, vichipukizi vya asumini huchumwa vikiwa bado vimefumba, navyo hufunguka usiku na kuijaza nyumba harufu yake. Mrehani huota hata katika mkebe wa zamani uliotobolewa chini. Mwenye tuta la mboga akiweka mkebe mmoja wa mrehani pembeni, hupata malipo kila nguo yake inapogusa majani akipita.

Hizo ndizo raha zenyewe, na hazinunuliwi. Kuna raha ya kutoka alfajiri, kabla ya jua kuwaka, kutazama kilichoota usiku. Kuna raha ya kuchuma mboga wakati chungu kimekwisha kuinjikwa. Kuna raha ya mtoto aliyepewa mstari wake mwenyewe, anayekimbia kutoka shule kuuhesabu mche mmoja mmoja; na mtoto aliyepanda mchicha kwa mkono wake hula bila kubembelezwa. Kuna raha ya mzee aliyestaafu kazi ya ofisi, ambaye alidhani siku zake zimekuwa ndefu mno, na sasa huona kwamba asubuhi haimtoshi.

Lakini ni lazima kusema neno la kweli. Kwa miaka mingi mboga hizi ziliitwa magugu. Mashauri ya kilimo yalizisifu kabeji na mboga nyingine za kigeni, na wengi walifundishwa kung'oa mgagani ili kabeji ipate nafasi. Mtoto aliyekula mnavu nyumbani aliona haya kusema hivyo shuleni. Kabeji haina hatia, na sukuma wiki imeokoa jamaa nyingi mwishoni mwa mwezi. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kukipokea kipya ni lazima kukitupa cha zamani, ilhali majani haya ya kijani kizito yana madini ya chuma na vitamini ambazo miili ya mama na mtoto huzihitaji sana.

Kwa bahati njema, wapo waliokataa kuzidharau. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta huko Juja, ametumia miaka mingi kuzichunguza mboga za Kiafrika na mbegu zake. Kuanzia mwaka 2007 kazi ya kuvihifadhi vyakula vya asili vya Kenya iliwashirikisha wataalamu, wazee na hata watoto wa shule, na mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiandika kazi hiyo katika orodha ya mifano mizuri ya kuhifadhi urithi. Leo managu na saga huuzwa hata katika maduka makubwa ya Nairobi. Huko Muguga, katika Kaunti ya Kiambu, ipo hazina ya taifa ihifadhiyo mbegu za mimea katika baridi kali. Lakini hazina hiyo haiwezi kujua kilichomo katika kila kibuyu cha kila jiko, na mbegu iliyolala katika baridi haifundishi mtu namna ya kuipika.

Kwa hiyo kila mwenye bustani na awe mtunza hazina. Njia yenyewe si ngumu. Kwanza, huchaguliwa mimea michache iliyo bora, yenye majani mengi na isiyo na ugonjwa, nayo hufungwa uzi ili asiichume mtu. Asichague ile iliyowahi kutoa maua kabla ya wenzake, kwa maana watoto wake nao watawahi maua na majani yatakuwa machache. Pili, vitumba vya mgagani huchumwa vikigeuka manjano, kabla havijapasuka na kuzimwaga mbegu chini. Matunda ya mnavu hungojwa yaive kabisa, hupondwa katika maji, huachwa siku moja au mbili, kisha mbegu huoshwa na kuanikwa kivulini. Tatu, mbegu zilizokauka sawasawa hutiwa katika chupa yenye kifuniko cha kukaza. Za kunde huchanganywa na majivu makavu wadudu wasizibungue. Juu ya chupa huandikwa jina la mboga na mwaka.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, mbegu hugawanywa mafungu matatu: fungu la kupanda, fungu la akiba, na fungu la kumpa jirani. Mchoyo wa mbegu hujidhulumu mwenyewe. Mwaka wa ukame, au mwaka wa panya, chupa yake ikiharibika, mbegu yake ingali hai upande wa pili wa ua, naye ataipata kwa kubisha hodi tu.

Mabibi na Mabwana, wako bado kina mama wazee wanaozijua mbegu kwa kuzishika tu gizani. Yafaa mwenye bibi amwendee wiki hii, si mwaka ujao, akae naye jikoni na kumwuliza: hii ni mbegu gani, hupandwa lini, hupikwaje? Kisha achukue kiasi cha kiganja, afike kwake, achimbue tuta moja karibu na mlango. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na kibuyu kilicho juu ya meko humtaka mtu anyoshe mkono kukishusha kabla hakijafikiwa na ufagio.