Chanjo ya Mbwa na Paka wa Nyumbani: Tuanze na Ipi?



Kuanzia Bunju, Kinondoni, hadi Chamazi, Temeke, mbwa hufugwa kwa ajili ya ulinzi na paka kwa ajili ya panya. Wafugaji huuliza: fedha zikitosha chanjo moja tu, tuanze na ipi? Anzeni na ya kichaa cha mbwa. Parvo huua mbwa. Kichaa huua mbwa na pia mtoto aliyeng'atwa, kwani dalili zikishajitokeza ugonjwa huo hauna tiba.

Mbwa na paka wachanjwe wakitimiza miezi 3, kisha kila mwaka. Mnaomudu chanjo ya parvo, mwoneni daktari wa mifugo mapema, mtoto wa mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8, kwa kuwa chanjo hiyo hurudiwa.

Hakikisheni chupa ya chanjo imehifadhiwa kwenye ubaridi na muda wake haujapita. Daini kadi yenye tarehe, jina la chanjo na namba ya toleo.

Hata hivyo, kadi haiondoi tahadhari. Aliyeng'atwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahishwe kituo cha afya siku hiyohiyo.