Tulikuwa Watu 19: Hotuba ya Mapadri wawili wageni siku ya Yubile



Sisi ni mapadri wawili wazee kutoka Marekani. Mmoja wetu alikaa kati yenu miaka mingi, na ndiye anayesoma maneno haya. Mwingine ameketi pale mbele, hajui Kiswahili, lakini amepewa kazi ya kukohoa msomaji akirefusha hotuba. Tulizaliwa katika mji mmoja, tukabatizwa katika kisima kimoja, na tangu umri wa miaka 11 tulipiga tarumbeta katika kikosi kimoja cha parokia yetu. Halmashauri ya Yubile imetuomba tuseme habari za kikosi hicho, kwa sababu fanfari yenu imebaki na watu 14, na wengine wanashauri kwamba vyombo vyake vipelekwe kwa fanfari kubwa ya mjini, pamoja na wale vijana wanaojua kuvipiga vizuri. Tuliambiwa: Semeni yaliyowapata ninyi. Basi tutayasema.

Kwanza tueleze kikosi hicho kilikuwa kitu gani, kwa maana hakifanani sana na fanfari mnazozijua. Ndani yake hamna filimbi wala klarineti. Kuna tarumbeta za aina ile ambayo askari huipiga asubuhi wakati wa kupandisha bendera, kuna ngoma, kuna matoazi, na kuna wabeba bendera, basi. Desturi hiyo ilienezwa na askari waliorudi kutoka vita ya 1914-1918. Shirika lao, American Legion, lilianzishwa mwaka wa 1919, wala halikukawia kuwashindanisha wapigaji wake uwanjani. Kisha maparokia yakaona kwamba hiyo ni njia nzuri ya kuwakusanya vijana. Huko Chicago, mwaka wa 1930, Askofu Bernard Sheil alianzisha chama cha vijana Wakatoliki kilichoitwa CYO, nacho kikaenea mahali pengi, kikawa na mashindano yake ya ngoma na tarumbeta. Mwaka wa 1934 vijana wa Holy Name huko Garfield, New Jersey, walipata kikosi chao. Mwaka wa 1940 wale wa Most Precious Blood, Hyde Park, mjini Boston, wakapata chao. Newark walikuwako Blessed Sacrament, Dorchester walikuwako St. Kevin. Sisi watoto tulitaja majina hayo kama vile watoto wenu wanavyotaja majina ya wachezaji wa mpira.

Kikosi chetu hakikutajwa na mtu. Mji wetu ulikuwa mji mdogo wa viwanda vya viatu, kaskazini ya Boston. Mwaka wa 1966 tulikuwa watu 19: wapiga tarumbeta 9, wapiga ngoma 5, kijana mmoja wa matoazi, na wabeba bendera 4. Vikosi vikubwa vilikuwa na watu zaidi ya mia. Tulipoingia uwanjani kwa mara ya kwanza, watazamaji walidhani kwamba hao ni wa mbele tu, wengine wako nyuma wanakuja. Wakangoja. Hakuna aliyekuja.

Mwalimu wetu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, aliyejifunza kupiga ngoma jeshini. Hakulipwa kitu. Wakati wa theluji tulifanya mazoezi chini ya kanisa, katika ukumbi wenye dari fupi, na kelele zetu zilimfikia Padri Mkubwa aliyekuwa juu akiungamisha watu. Akichoka nazo, aligonga sakafu kwa kiatu chake mara tatu, nasi tulinyamaza mpaka mwenye kutubu amalize dhambi zake. Siku ya Posho tulisimama mbele ya maduka na makopo mikononi, tukiomba senti za kulipia basi. Tarumbeta zetu zilinunuliwa kwa kikosi kingine kilichokwisha kuzichoka. Zilikuwa na pistoni moja tu, na chombo cha namna hiyo hakitoi sauti zote za muziki. Ziko ambazo hakina kabisa, hata ukipuliza mpaka macho yatoke. Mwalimu alichagua nyimbo kwa kuangalia kwanza kile tusichoweza kupiga.

Katika kikosi cha watu mia, mtu mmoja akiugua, wimbo hautambui. Kwetu sauti ya tatu ilipigwa na msichana mmoja peke yake. Mwaka mmoja alipatwa na surua wakati wa mashindano, na wimbo wetu ukawa na pengo katikati kama jino lililong'oka. Hakuna aliyeweza kujificha nyuma ya mwingine. Na waamuzi wa siku zile hawakukaa mbali juu ya jukwaa. Walishuka uwanjani, wakatembea kati yetu na karatasi na kalamu, wakaweka masikio yao karibu na ngoma. Kila kosa lilikatwa sehemu moja ya kumi ya alama: fimbo iliyokawia, mguu uliotangulia, tarumbeta iliyokoroma. Kabla ya kuanza, walikagua hata viatu na vifungo. Desturi hiyo ya kuhesabu makosa ilidumu miaka mingi. Shirika kubwa la vikosi hivyo, DCI, liliiacha mwaka wa 1984.

Sasa tuwaambie habari za kijana wa matoazi. Kichwa chake kilikuwa kizito kwa masomo. Hakuweza kuhesabu mapigo. Lakini aliweza kuangalia. Aliutazama mkono wa mpiga ngoma kubwa, na kwa mkono huo alijua saa ya kugonganisha matoazi yake. Kwa miaka minne hakukosa mazoezi hata mara moja, na sisi wawili hatuwezi kusema hivyo juu yetu.

Katika kiangazi cha mwaka wa 1967, baba wa mpiga ngoma kubwa alikufa katikati ya juma. Alizikwa siku ya Posho asubuhi, na mashindano yalikuwa alasiri ileile. Tulimwambia kijana abaki na mama yake. Yeye akauliza: Nikibaki, huyu wa matoazi atamtazama nani? Akaja, akavaa mavazi ya kikosi juu ya shati la mazishi. Mwamuzi wa ngoma alitembea pamoja nao tangu mstari wa kuanzia hata wa mwisho. Jioni majina yaliposomwa, tulikuwa wa mwisho, kama kawaida yetu. Lakini mwalimu alipoletewa karatasi aliisoma mara mbili, akampa Padri Mkubwa naye aisome: katika ngoma peke yake, tulikuwa tumevipita vikosi vitatu.

Mwaka uliofuata, wakubwa wa kikosi kimoja cha mji jirani walikuja kwetu. Walikuwa na watu wengi na basi mbili. Walisema: Kwa nini mhangaike? Tuungane. Walituita mmoja mmoja ili kutusikiliza, wakachagua 8 kati ya 19. Kisha tulipiga kura katika ule ukumbi wa chini ya kanisa. Sisi wawili tulikuwa kati ya wale 8, nasi tuliinua mikono. Mwalimu hakusema neno. Alianza kukunja viti.

Hatutasema uongo: tulifurahi. Tulipata tarumbeta mpya, tukaona miji ambayo wazazi wetu hawakupata kuiona, na tulijifunza muziki kuliko zamani. Lakini katika maandamano ya Ekaristi ya mwaka wa 1969 parokia yetu ilitembea bila ngoma, na watu walikuwa wakitazamana. Wale 11 hawakupiga tena chombo chochote. Baadhi yao hawakuonekana tena kanisani, na hatukwenda kuwauliza sababu. Kijana wa matoazi alikuja kwa miguu mpaka mji jirani, jioni nyingi, akasimama nje ya ua wa waya, akitazama mkono wa mpiga ngoma kubwa ambaye hakumjua. Tulimwona. Tulimpungia mkono, tukaendelea na mazoezi.

Kikosi kile kikubwa nacho hakikudumu. Mwaka wa 1972 DCI ilifanya mashindano yake ya kwanza ya ubingwa huko Whitewater, Wisconsin, na vikosi vikaanza kusafiri mbali zaidi na zaidi. Gharama ziliwashinda wengi, na hao wa mji jirani wakafunga kabla ya miaka ile ya 1970 kwisha. Hivyo miji yote miwili ikabaki mikavu. Baadaye, katika miaka ya 1980, DCI iliweka daraja la vikosi vidogo, visivyopita watu 60. Tuliposikia habari hiyo, mmoja wetu alikuwa hapa kwenu, akichimba msingi wa shule. Hata wale wa Garfield, waliokuwa mabingwa mara nyingi, walifunga mwaka wa 2024, baada ya miaka 90.

Halmashauri yenu itaamua, na sisi hatuna kura hapa. Huenda fanfari ya mjini ikawafaa. Sisi tumesikia wakipiga, nao wanajua kazi yao. Tunaomba jambo moja. Kabla ya kuinua mikono, someni kwa sauti majina ya wote 14, na kando ya kila jina mseme mtu huyo atakwenda wapi. Sisi hatukufanya hivyo.

Mwenzangu anakohoa. Tumeleta tarumbeta moja ya wale 19. Mwalimu alituachia alipokufa. Ina kibonyeo upande wa kulia, hapo ilipoangukia ngazi za basi. Tunaiacha kwa Padri Mkubwa, iwe ya fanfari. Pistoni yake hukwama wakati wa baridi kali, jambo ambalo hapa halitawasumbua. Ikikwama hata hivyo, mafuta kidogo yanatosha, wala msiigonge.