Taa Iliyochoma Macho ya Wapakizi
Maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mlingotini



Nilipoombwa na Chama Kikuu nije kuzungumza nanyi juu ya afya ya macho, nilijua wengi mtatazamia habari za mtoto wa jicho na miwani ya kusomea. Hayo yana siku yake. Leo nimekuja na habari za taa.

Haikuwa muda mrefu baada ya ule ugonjwa wa macho mekundu ulioenea Dar es Salaam na mikoa mingine mwezi Januari 2024. Nilikuwa zamu katika kituo kimoja cha afya cha pwani yetu. Yapata saa nane za usiku zikafika bajaji mbili, na ndani yake watu tisa, wameshikana mikono kama vipofu wanaoongozana. Wote walikuwa vibarua wa ghala moja, ambalo sitalitaja, na jioni ile walikuwa wamepakia mwani mkavu tangu saa kumi na mbili hadi saa nne. Walirudi makwao salama, wakala, wakalala. Kisha wakaamshwa na maumivu. Kila mmoja alisema neno lile lile bila kuambizana: macho yamejaa mchanga. Yalikuwa mekundu, yanabubujika machozi, kope zimevimba, na nilipowasha tochi walilia.

Mwenzangu wa zamu alisema mara moja kuwa ni macho mekundu yamerudi. Nami nilidhani hivyo kwa dakika chache. Lakini macho mekundu humtoka mtu huyu yakamwendea yule; leo anaugua mama, kesho kutwa mtoto, na tongotongo huwa nyingi. Hawa tisa waliugua usiku mmoja, saa zile zile, na nyumbani kwao hakuna mke wala mtoto aliyeguswa. Basi niliwauliza walikuwa wapi wote pamoja.

Asubuhi nilikwenda kulitazama lile ghala. Juu ya darini ilining'inia taa moja kubwa ya zebaki, ya zile za zamani. Kioo chake cha nje kilikuwa kimevunjwa na mti uliotumika kupanga magunia, wala hakuna aliyejali, kwa kuwa taa iliendelea kuwaka. Msimamizi wa ghala alinisifia uimara wake.

Naomba hapa mnivumilie kidogo, maana jambo hili ndilo kiini cha maneno yangu. Taa ya namna hiyo ina vioo viwili. Ndani mna mrija mdogo wenye mvuke wa zebaki, na humo ndimo mwanga unamozaliwa. Pamoja na mwanga tunaouona huzaliwa mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni. Kioo cha nje kazi yake kubwa ni kuizuia mionzi hiyo. Kikivunjika, mrija wa ndani unaweza kuendelea kuwaka kwa saa nyingi, na walio chini yake wanaogeshwa mionzi bila kuhisi joto wala harufu. Nchini Marekani, ambako wanafunzi na walimu wameumizwa hivyo katika kumbi za michezo, sheria inataka taa hizi ziwe na alama: herufi T kwa zile zinazojizima zenyewe ndani ya dakika 15 baada ya kioo cha nje kuvunjika, na herufi R kwa zile zisizojizima. Makatibu wenye maghala ya zamani, someni maandishi ya taa zenu kabla ya kuzisifu.

Msidhani haya ni ya watu wa maghala peke yao. Mwezi Novemba 2023, huko Hong Kong, watu waliohudhuria karamu kubwa waliamka usiku na maumivu haya haya, na waandaaji wakakiri baadaye kwamba taa za urujuanimno zilizowekwa katika kona moja ya ukumbi huenda ndizo zilizosababisha. Tangu mwaka 2020 taa za kuua vijidudu zimeuzwa kila mahali, na Shirika la Afya Duniani lilionya zisitumike kusafishia mikono wala ngozi. Kwenye saluni za mjini mna visanduku vyenye mwanga wa buluu vya kuwekea mikasi. Havina neno, mradi mlango wake ufungwe vinapowaka. Ile taa ndogo ya mhasibu ya kukagulia noti mionzi yake ni dhaifu, lakini mtoto asiachiwe kuichezea machoni.

Na chanzo kikubwa kuliko vyote hapa petu ni kuchomelea vyuma. Cheche ile ya umeme hutoa mionzi iyo hiyo, kwa wingi. Fundi huwa na ngao yake, au hufumba macho. Anayeumia zaidi ni kijana anayemshikia bomba, pamoja na watoto waliosimama kutazama.

Mionzi hii huunguza konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kama jua linavyobabua ngozi. Ngozi ya juu ya konea hufa taratibu na kubanduka, na mishipa ya maumivu hubaki wazi. Kwa hiyo mtu hasikii kitu wakati ule. Maumivu huja baadaye, mara nyingi baada ya saa 6 hadi 12. Ndiyo maana wengi hawaunganishi taa ya jioni na mateso ya usiku wa manane, na wako wanaomtafuta mchawi.

Tiba yake ni nyepesi. Mgonjwa atolewe penye mwanga, akae katika chumba chenye giza. Akiwa amevaa lenzi za machoni, azivue. Aweke kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi juu ya kope zilizofumbwa, ameze parasetamoli kwa kipimo chake, na asifikiche macho hata yakimwasha namna gani. Zahanati itampa mafuta ya macho ya tetrasaiklini au kloramfenikoli ili kidonda kisiingie vijidudu, na machozi ya bandia yakipatikana yatamfariji. Asiendeshe pikipiki wala chombo cha baharini. Konea ni hodari wa kujiponya: ndani ya siku moja mpaka tatu watu wengi huwa wazima kabisa. Wanane kati ya wale tisa walirudi kazini siku ya nne.

Wa tisa ndiye aliyenileta hapa leo. Nilipomchunguza usiku ule nilimtia tone la dawa ya ganzi ili aweze kufumbua macho, na maumivu yakaondoka palepale, kama kuzima taa. Akaliona tone lile ndiyo dawa. Nilipomkatalia chupa akatafuta yake mtaani, akajitia kila maumivu yalipomrudia, siku baada ya siku. Dawa ya ganzi haiponyi. Inazuia konea isiote ngozi mpya, na jicho lililokufa ganzi halijui likiguswa na uchafu. Aliporudi kwangu jicho la kulia lilikuwa na kidonda cheupe katikati. Tulimpeleka hospitali kubwa, jicho likaokolewa, lakini limebaki na kovu, na kwa jicho hilo hawezi kuhesabu vidole vyangu. Nilimkatalia chupa bila kumweleza sababu. Kosa hilo ni langu, na tangu siku ile namweleza kila mgonjwa.

Dawa nyingine za kienyeji nazo tuziache. Kipande cha kiazi juu ya kope iliyofumbwa ni ubaridi tu, lakini maji yake, au maziwa ya mama, au majani yaliyotwangwa, yasiingie ndani ya jicho. Utafiti wa hapa Tanzania uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta kwamba yapata robo ya wagonjwa wa vidonda vya konea walikuwa wametumia dawa za asili za macho.

Ziko dalili zisizongoja. Ikiwa linauma jicho moja tu, hasa kwa mtu aliyekuwa akigonga au kukata chuma, huenda mna kipande ndani. Ikiwa maumivu hayapungui baada ya siku moja, au kuona kumefifia baada ya siku mbili, au pametokea doa jeupe, mpelekeni hospitali siku iyo hiyo.

Dada zangu wa mwani watauliza nimewasahau. Jua la bamvua mchana, mkiwa mmeinama juu ya kamba zenu, lina mionzi hii pia. Mchanga mkavu hurudisha yapata asilimia 15 yake na povu la bahari asilimia 25, ikawapiga kutoka chini ya ukingo wa kofia. Kwa miaka mingi huotesha kile kinyama kinachotambaa kutoka weupe wa jicho kuelekea mboni. Kofia pana ya ukili ni nzuri. Miwani yenye kinga ya urujuanimno ikiongezwa ni bora, lakini miwani nyeusi isiyo na kinga hiyo haisaidii kitu.

Kwa makatibu ninalo ombi la fedha. Chama kinapompa fundi kazi ya kuchomelea, mkataba utaje ngao mbili, ya fundi na ya msaidizi, zenye kioo cha namba 10 au zaidi, na turubai la kuziba watazamaji. Taa iliyovunjika kioo izimwe saa ile ile na ibadilishwe, hata kama bado inawaka na hata kama mwani haujapakiwa.

Nimekuja na tochi na ile rangi ya manjano inayoonyesha vidonda vya konea. Nitakaa chini ya mwembe mpaka saa kumi. Mwenye jicho linalomsumbua aje.