Mjumbe wa Kamati ya Afya ni Mshauri, si Mgeni Mwalikwa

*Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za usimamizi wa zahanati, Bukundi, Wilaya ya Meatu, Mkoa wa Simiyu*

 

 Nimeombwa niseme juu ya mjumbe wa kamati na mtumishi wa afya. Wengi tunadhani suala la watumishi ni la Dodoma peke yake: wao waajiri, sisi tusubiri. Neno langu leo ni kwamba kuajiri ni kazi ya serikali, lakini mtumishi akishafika, kukaa kwake na kufanya kazi yake vizuri kunategemea sana ninyi mlioko hapa.

Nchi yetu ina historia ya kupokea ushauri. Tulipopata uhuru mwaka 1961, madaktari Waafrika nchini walikuwa 12 tu. Serikali ilitaka ushauri kuhusu huduma za afya, na kundi la wataalamu likiongozwa na Profesa Richard Titmuss wa Uingereza likafanya kazi hiyo na kutoa taarifa yake mwaka 1964. Walishauri tusiweke nguvu zote katika hospitali kubwa za mijini, bali tujenge vituo vya afya vijijini na kusomesha watumishi wa ngazi ya kati watakaokaa na wananchi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mwelekeo huo ulipata nguvu, na katika miaka ya 1970 zahanati na vituo vya afya vijijini viliongezeka kwa kasi. Ushauri uliosikilizwa umezaa matunda ambayo tunayatumia hadi leo.

Upo pia ushauri ambao haukupata hata nafasi ya kutolewa. Mwaka 2010 Marekani, nchi tajiri, iliunda kwa sheria tume ya kitaifa ya kushauri juu ya watumishi wa afya. Wajumbe 15 waliteuliwa, wote watu wenye sifa. Bunge lao halikuitengea fedha, na tume ile haikukaa hata kikao kimoja. Majina yalikuwepo, barua za uteuzi zilikuwepo, kazi haikuwepo. Kumbe kamati inaweza kufa kabla ya kuzaliwa, hata kwa wakubwa.

Sasa tujitazame. Kamati ya zahanati ina wajumbe waliochaguliwa na wananchi, wawakilishi wa serikali ya kijiji na wa kata, na mwakilishi wa watoa huduma wasio wa serikali, wakiwemo wa mashirika ya dini. Mganga mfawidhi ndiye katibu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za serikali na za wafadhili zinapelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo, na kamati inapaswa kujadili mpango na matumizi yake. Kwa hiyo ninyi mnacho kile ambacho tume ile ya Marekani ilikikosa: mnaweza kukaa kikao, na kuna fedha za kujadili. Swali ni je, mnakaa?

Ndugu zangu, upungufu ni wa kweli. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitaja nchi 57 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Mizizi yake ni mirefu. Katika miaka ya 1990 ajira serikalini zilibanwa. Kuanzia mwaka 2007 Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, yaani MMAM, ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo yakaongezeka kuliko watumishi wa kuyajaza. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwaondoa kazini watumishi wa umma zaidi ya 9,000, wakiwemo wa afya. Ikama iliyotolewa mwaka 2014 ilitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Kila mmoja wenu ahesabu vidole vyake, kisha akumbuke ni wangapi anaowaona pale kwake.

Basi mjumbe afanye nini? Nitaja mambo manne.

La kwanza, uliza idadi na iandikwe. Mkulima wa pamba haondoki kwenye mizani kabla hajasoma kilo zake. Kwa nini mjumbe aondoke kikaoni bila kujua ikama inataka watumishi wangapi, walioko ni wangapi, na nani yuko masomoni au likizo ya uzazi? Hesabu hiyo ikiingia katika muhtasari wa kikao, na muhtasari ukafika kwa Mganga Mkuu wa Wilaya wakati Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri unaandaliwa, ni hoja. Ikibaki kijiweni ni malalamiko.

La pili, mpokeeni mtumishi. Muuguzi kijana anatumwa kutoka mkoa wa mbali. Hajui Kisukuma, hana ndugu, na usiku anaitwa peke yake kuzalisha. Akikuta nyumba inavuja, choo kimebomoka na maji ni ya kununua kwa ndoo, ataanza kuandika barua ya uhamisho kabla hajafungua begi. Kutengeneza mlango, kumpatia mlinzi wa usiku, kumwonyesha mama wa kumsaidia lugha, kumkaribisha kanisani au msikitini: hayo hayahitaji kibali cha Wizara. Wasukuma tuna desturi ya kusaidiana shambani kwa zamu. Nyumba ya muuguzi nayo ni shamba letu.

La tatu, simamieni kwa haki. Mama akidaiwa fedha kwa huduma isiyolipiwa, au dawa zikipotea, mjumbe asinyamaze. Lakini pia asimtukane mtumishi mbele ya wagonjwa. Sikilizeni pande zote mbili, andikeni, pelekeni panapohusika. Na mjumbe mwenyewe awe safi. Anayetaka kutibiwa kabla ya foleni kwa sababu ni mjumbe, au anayesaini mahudhurio ya kikao ambacho hakikufanyika ili apate posho, amepoteza uwezo wa kumwuliza mtu yeyote swali.

La nne, chagueni vizuri. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwafikia wahudumu 137,294 nchi nzima katika miaka mitano. Hawa wanatoka miongoni mwetu, na hapa wananchi tuna sauti katika kupata watu wanaofaa. Msiangalie mtoto wa nani. Angalieni nani ataingia katika kaya ya mfugaji iliyo mbali, nani atatunza siri ya mgonjwa, nani mama mjamzito atamfungulia mlango.

Mtanikumbusha habari za Yethro katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18. Alimwona Musa anaelemewa na kazi peke yake, akamshauri achague watu wenye uwezo, wamchao Mungu, wanaochukia mali ya dhuluma, wamsaidie kubeba mzigo. Yethro hakuwa na cheo katika Israeli. Alikuwa mkwe aliyekuja kutembelea. Lakini alitazama, akauliza, akasema alichokiona, na Musa akamsikia. Huo ndio ushauri.

Ndugu Mwenyekiti, naomba tusiondoke mikono mitupu. Kila kamati ipange leo tarehe ya kikao chake kijacho, hata kama ni msimu wa kuvuna pamba. Ajenda ya kwanza iwe idadi ya watumishi. Ya pili iwe nyumba ya mtumishi. Na kabla ya kikao, kila mjumbe aongee na akina mama watatu waliojifungua mwaka huu, awaulize walipokelewaje. Mama aliyeanza uchungu usiku, mvua inanyesha na Mwanhuzi iko mbali, hatauliza kamati ina wajumbe wangapi. Atauliza kama kuna mtu zahanati. Jibu la swali hilo sehemu yake mnayo ninyi.